Takwimu kwa picha shuleni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na walimu na wazazi wa Nairobi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikutana na walimu wenzangu Jumamosi asubuhi, mara Umoja, mara Kayole, mara Kawangware, tukigeuza majedwali ya shule kuwa michoro ambayo mzazi anaweza kuisoma akiwa amesimama langoni. Maswali huwa ni yale yale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yangu, kwa yeyote mwenye takwimu mkononi na watu wa kuwaeleza.

Infografiki ni nini, na ina tofauti gani na grafu?

Grafu huonyesha tarakimu: nguzo, mstari, nukta. Infografiki ni ukurasa mzima uliopangwa ili ueleze jambo moja, na ndani yake huweza kuwa na grafu, ramani, ngazi au ratiba, pamoja na maneno machache. Maua na vibonzo vinavyobandikwa darasani ili ukuta usiwe mtupu ni mapambo. Sina ugomvi navyo, ila havimwambii mtu chochote.

Jedwali si linatosha?

Mara nyingi linatosha. Mzazi anayetaka kujua karo ya muhula wa pili anahitaji tarakimu moja tu, mpe jedwali. Mchoro unahitajika pale mtu anapotaka kulinganisha, kuona mwelekeo, au kuona kitu ambacho wastani umekificha.

Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alichapisha seti nne ndogo za data. Ukizipigia hesabu, wastani wake unakaribia kuwa sawa kabisa, na hesabu nyingine kadhaa vilevile. Ukizichora, moja inapanda kwa mstari, nyingine inajipinda, na mbili zilizobaki zimevurugwa na nukta moja iliyojitenga. Sisi tunalo jambo kama hilo kila mwisho wa muhula. Chukua mikondo miwili yenye wastani wa 55. Katika mmoja karibu kila mtoto ana kati ya 50 na 60. Katika wa pili nusu wana 80 na nusu wana 30. Kwenye ripoti ya mwalimu mkuu mikondo hiyo ni mapacha. Chora nukta moja kwa kila mtoto, utaona mara moja kwamba mkondo wa pili una watoto wengi wanaozama, na hakuna anayewaona.

Nianzie wapi?

Anza na swali la mtu mwingine. Hili nililijua nikiwa nimeshachelewa. Niliwahi kutengeneza bango la matokeo ya Gredi ya 5: nguzo kumi na mbili, rangi sita, nembo ya shule juu. Siku ya mkutano wa wazazi, mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni alilitazama kwa muda mrefu, akafuata nguzo kwa kidole kutoka kushoto hadi kulia, kisha akaniuliza kwa upole, “Mwalimu, hapa naambiwa nini?” Nilifungua mdomo nikakosa sentensi moja ya kumjibu. Kila kilichokuwa kwenye bango lile kilikuwa sahihi, lakini hapakuwa na swali lililokuwa likijibiwa.

Tangu siku hiyo siruhusu mtu ashike rula kabla hajaandika swali kwenye kipande cha karatasi, kwa maneno ya yule atakayeuliza. “Watoto wanakosa shule zaidi siku gani?” “Pesa za chakula zimeenda wapi?” “Mtoto wangu akitoka Gredi ya 9 anaelekea wapi?” Swali likishapatikana, nusu ya data uliyokuwa umeikusanya utaona haihitajiki. Iache.

Kisha kichwa cha bango kiwe ndilo jibu. Usiandike “Mahudhurio, Muhula wa 2”. Andika “Jumatatu ndiyo siku ambayo watoto wengi hukosa shule”, halafu nguzo zithibitishe maneno hayo. Mtu akipita bila kusimama, angalau ameondoka na kichwa.

Nitajuaje mchoro upi unafaa?

Mwaka 1984 William Cleveland na Robert McGill, watafiti wa Marekani, walipima jinsi macho ya watu yanavyosoma michoro. Waligundua kwamba tunakadiria vizuri zaidi vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja, kama vilele vya nguzo zilizosimama sakafu moja, kuliko pembe na ukubwa wa eneo. Ndiyo maana kwa kulinganisha naanza na nguzo. Kwa jambo linalobadilika kadiri muda unavyopita, tumia mstari. Kwa “wapi”, tumia ramani. Chati ya duara ibaki kwa vipande viwili au vitatu vya kitu kimoja kizima; ukifika vipande saba hakuna jicho litakalokuambia kama cha bluu kinakishinda cha zambarau.

Kiswahili nacho kina mahitaji yake. Maneno yetu ni marefu: “wanafunzi wanaotembea kwa miguu” hayawezi kukaa chini ya nguzo nyembamba, na ukiyainamisha msomaji atavunja shingo. Laza nguzo. Maneno yatakaa kushoto, nguzo zikimbilie kulia. Ni badiliko la dakika moja na hufanya bango lote lisomeke.

Wazazi hawaelewi alama za Gredi ya 9 zinavyokokotolewa. Naweza kuwachorea?

Unaweza, na nakuomba ufanye hivyo, kwa sababu hakuna jambo lililowachanganya wazazi wa Nairobi miaka hii kuliko Mtaala wa Umilisi. Barua zimeandikwa, mikutano imeitishwa, na bado mtu anatoka akiuliza yale aliyoingia nayo.

Unganisha vipande vya manila mpaka upate ukanda wa sentimita 100. Pima sentimita 20 za kwanza, zipake rangi: hiyo ni KPSEA, tathmini ya Gredi ya 6. Pima 20 nyingine: tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Sentimita 60 zilizobaki ni KJSEA yenyewe, ile ya mwisho wa Gredi ya 9. Kila sentimita ni asilimia moja. Waite wazazi wawili waushike ukanda huo kila mmoja upande wake, halafu weka mkono wako pale kwenye 40. Waambie: mtoto akiingia chumba cha mtihani wa Gredi ya 9, sehemu hii yote imeshapita. Nimeona baba mmoja akinyamaza, akauchukua ukanda na kuupima upya kwa shubiri zake. Mtoto wake alikuwa Gredi ya 7.

Kwa mfumo mzima, chora ngazi. Miaka 2 ya chekechea, 6 ya msingi, 3 ya sekondari msingi, 3 ya sekondari ya juu, 3 ya chuo. Urefu wa kila kipandio ulingane na miaka yake. Kwenye sekondari ya juu ngazi igawanyike njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi ya jamii; sanaa na sayansi ya michezo. Wengi wa wazazi wetu walisoma 8-4-4 (miaka 8 ya msingi, 4 ya sekondari, 4 ya chuo) iliyoanza mwaka 1985, kwa hiyo weka ngazi hiyo pembeni pia. Mtu huelewa njia mpya haraka akiiona kando ya ile aliyoipita mwenyewe.

Mchoro unaweza kudanganya ilhali tarakimu ni za kweli?

Naam, na wengi wanaodanganya hivyo hawakukusudia. Hebu tutumie mji wetu. Katika sensa ya 2009 Nairobi ilikuwa na watu 3,138,369. Mwaka 2019 ikawa na 4,397,073. Ni ongezeko la takriban asilimia 40. Chora nguzo mbili ukianzia sifuri, utaona ya pili imeizidi ya kwanza kwa chini kidogo ya nusu yake. Sasa anzisha mhimili wima kwenye milioni 3 badala ya sifuri. Nguzo ya kwanza inabaki kisiki, ya pili inakuwa ndefu mara kumi. Hakuna tarakimu iliyobadilishwa, lakini anayetazama anaondoka akiamini mji umefurika mara kumi.

Programu za kompyuta hufanya hivyo zenyewe wakati mwingine, usipoziangalia. Kwa hiyo nguzo zianze sifuri, kila mara. Mstari unaweza kuanzia juu zaidi, mradi uandike wazi unaanzia wapi.

Mtego wa pili ni picha zinazokuzwa. Wanafunzi wameongezeka maradufu, mwalimu anachora mtoto mwenye urefu mara mbili na upana mara mbili. Karatasi iliyofunikwa ni mara nne. Chora watoto wawili wenye kimo kimoja, basi.

Wa tatu ni kuchagua miaka. Ukionyesha 2021 na 2024 pekee kwa kuwa ndiyo inayokupendeza, ile ya katikati iliyoharibika umeificha. Mzazi akiigundua, hataliamini bango lako la pili hata likiwa la kweli tupu.

Nichague rangi gani?

Chache. Rangi moja kali kwa jambo unalotaka lionekane, na kijivu kwa mengine yote.

Mwenzangu mmoja alitengeneza chati nzuri ya mahudhurio: kijani kwa waliokuja, nyekundu kwa waliokosa. Akaipeleka kwa fotokopi, nakala mia mbili za rangi nyeusi na nyeupe kwa sababu hiyo ndiyo bajeti iliyokuwepo. Kijani na nyekundu zikatoka kijivu kimoja. Wazazi mia mbili walipelekewa nguzo zisizosema nani alikuja na nani alikosa. Kabla ya kuchapisha, piga nakala moja isiyo na rangi uitazame. Badala ya kutegemea rangi peke yake, tumia mistari ya mshazari, nukta, au andika jina moja kwa moja juu ya nguzo. Wapo pia watoto, hasa wavulana, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani, na wengi wao hawajawahi kumwambia mtu.

Wazazi wetu wako WhatsApp. Nitengeneze vipi?

Picha isimame wima kama simu inavyoshikwa: ndefu, safu moja, jambo moja. Jitumie mwenyewe kwanza, uishike simu kwa urefu wa mkono, na usikuze. Usichoweza kusoma hapo, mama aliye kwenye matatu ya saa kumi na mbili asubuhi hatakisoma. WhatsApp hubana picha, na herufi ndogo ndizo huwa za kwanza kufa. Ukituma kama PDF herufi zitabaki safi, lakini wengi hawataifungua, na wengine bando haliwatoshi. Afadhali upunguze maneno.

Shule yetu haina kompyuta. Basi tuache?

La hasha. Mwaka 1900 W. E. B. Du Bois, mwanasosholojia Mmarekani mweusi, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Atlanta walichora kwa mkono, kwa wino na rangi, makumi ya michoro ya takwimu kuhusu maisha ya Wamarekani weusi, ikaonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris. Mpaka leo wachoraji wa takwimu wanaitazama ili wajifunze. Kompyuta haikuwepo.

Manila, rula, kalamu za rangi na gundi vinatosha. Magunia yaliyofuliwa na kunyooshwa yanadumu kuliko manila na hayararuki mvua ikiingia dirishani. Shughuli ninayoipenda kuliko zote inahitaji vizibo vya soda. Gonga misumari minne kwenye ubao mlangoni: miguu, matatu, boda, basi la shule. Toboa vizibo. Kila mtoto akiingia asubuhi anatundika kimoja kwenye msumari wake. Saa mbili kasorobo grafu iko tayari, na kila kizibo kina mwenyewe. Mtoto wa Gredi ya 2 aliyetundika kizibo chake hahitaji kufafanuliwa kwamba nguzo ni watu waliohesabiwa.

Na kama ninayo kompyuta?

LibreOffice Calc, programu ya majedwali, ni ya bure na haihitaji intaneti. Google Sheets inafaa mkiwa wengi mnajaza jedwali moja. Datawrapper hutoa grafu safi bila kukupa nafasi kubwa ya kuiharibu. Canva ni nzuri kwa kupanga ukurasa, ila violezo vyake vina mapambo mengi. Futa theluthi mbili kabla hujaanza.

Takwimu za kuaminika nitazipata wapi?

Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, huweka ripoti za sensa ya 2019 wazi kwa umma, kaunti zote 47, na kila mwaka hutoa taarifa ya hali ya uchumi yenye sura ya elimu. Andika chanzo na mwaka chini ya mchoro, kwa herufi zinazosomeka.

Lakini ningependa uanze karibu zaidi. Rejista ya darasa ni hazina. Kitabu cha mwalimu wa zamu ni hazina. Na wanafunzi wenyewe wanaweza kukusanya.

Wanafunzi kukusanya data? Si ni kazi ya wataalamu?

Mji huu umeshalijibu swali hilo. Mwaka 2009 Kibera ilikuwa kama pengo kwenye ramani za mtandaoni, japo imejaa watu, shule, makanisa, misikiti na zahanati. Vijana wa hapo wakatembea na vifaa vya GPS, wakaichora wenyewe kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni; mradi ukaitwa Map Kibera. Miaka michache baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na vyuo vya Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu zao wakirekodi kila kituo. Mwaka 2014 ikatoka ramani ya zaidi ya njia 130, iliyochorwa kama zile za treni za miji mikubwa. Njia hizo zilikuwepo siku zote vichwani mwa madereva na makanga. Hazikuwa zimewahi kuonekana zote mahali pamoja.

Kwa Gredi ya 6 na kuendelea, jaribu hili. Gawanya mtaa unaozunguka shule vipande vinne. Kila kundi, likiwa na mtu mzima, litie alama kila mahali maji yanapochotwa au kuuzwa. Wakirudi, waunganishe vipande juu ya meza. Hapo ndipo unawasimulia habari za John Snow, daktari wa London. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoua watu mtaa wa Soho, alitia alama kwenye ramani nyumba zilizofiwa, na alama zikasongamana kuzunguka pampu moja ya Broad Street. Mpini wa pampu ile ulikuwa umeshaondolewa kwa ushauri wake. Darasa lililotoka kuhesabu vioski vya maji halihitaji kuhimizwa kusikiliza habari hiyo. Mara nyingi kuna mtoto atakayeweka kidole kwenye ramani yao na kuuliza kuhusu bomba fulani linalopita kando ya mtaro.

Naweza kubandika alama za watoto kwa majina?

Usibandike. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawalinda watoto, na inataka idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Hata kusingekuwa na sheria, fikiria mtoto wa mwisho kwenye orodha akipita hapo mara nne kwa siku. Onyesha idadi: wangapi wamezidisha matarajio, wangapi wamefikia, wangapi wanakaribia, wangapi wako mbali. Na kundi likiwa na mtoto mmoja au wawili tu, liunganishe na la jirani, kwa kuwa darasa zima litamtambua.

Kiswahili, Kiingereza au Sheng?

Lugha ya anayeuliza. Mabango ya wazazi nayaandika kwa Kiswahili chepesi. Yale ya wanafunzi wakubwa niliwahi kuwaacha waandike kichwa kwa Sheng, na yalisomwa na shule nzima.

Angalizo moja juu ya saa. Mzazi akisoma “8:00” anaitamka saa mbili, lakini ukiandika “saa 8” wapo watakaofika mchana. Andika “saa mbili asubuhi”, kwa maneno, kwenye kila ratiba.

Naweza kuiachia akili unde (AI) ichore?

Kwa kupanga ukurasa na kutafuta kichwa kizuri, inasaidia. Kwa tarakimu, la. Inaweza kukuletea nguzo isiyolingana na namba iliyoandikwa juu yake, na Kiswahili chenye herufi zilizovurugika. Kila namba irudishe kwenye rejista yako.

Vipi kuhusu mtoto asiyeona?

Mchoro unaweza kuguswa. Bandika kamba nene kwa mhimili, vipande vya kitambaa cha gunia kwa nguzo, na shanga kwa nukta. Majina yaandikwe kwa nukta nundu. Ukiutuma kwa simu, andika chini yake sentensi mbili zinazosema kilichoonyeshwa, ili programu ya kusoma kwa sauti iwe na cha kusoma. Fanya pia kwa ajili ya nyanya anayeletewa ujumbe na mjukuu wake.

Bango likae ukutani muda gani?

Mpaka tarakimu zake zizeeke. Andika tarehe kwenye kona siku ya kulibandika. Data ya muhula uliopita ikibaki hadi mwaka ujao, watu huacha kuutazama ukuta ule kabisa. Likishuka, lipige picha uweke kumbukumbu, kisha ligeuze: upande wa nyuma wa manila bado ni mweupe, na swali la muhula ujao linahitaji pa kuandikwa.